Alcanivorax borkumensis: Bakteria Mla Mafuta Ghafi na Mipaka ya Kazi Yake Baharini

1.0 Utangulizi

Mafuta ghafi hayakuingia baharini kwa mara ya kwanza kupitia meli za mafuta. Kwa mamilioni ya miaka yamekuwa yakichuruzika kutoka katika nyufa za sakafu ya bahari. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2003 ilikadiria kuwa mchuruziko huo wa asili huingiza baharini takribani tani 600,000 kila mwaka, yaani karibu nusu ya mafuta yote yanayoingia humo. Hata hivyo, bahari haijafunikwa na mafuta. Sehemu kubwa ya maelezo ya jambo hilo inapatikana kwa viumbe wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni mafuta yenyewe. Miongoni mwao, aliyechunguzwa sana ni bakteria aitwaye Alcanivorax borkumensis.

Kila panapotokea maafa ya kumwagika kwa mafuta, bakteria huyu na jamaa zake hutajwa kwa namna mbili. Wapo wanaomtaja kama faraja: bahari ina walaji wake, basi iachwe ijisafishe. Wapo pia wanaomtaja kama dawa ya kufugwa maabara, kufungashwa na kumwagwa juu ya mafuta kama mkulima amwagavyo kiuatilifu shambani. Madai yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanapotosha kwa sababu moja: yanamtazama mlaji pekee na kusahau mahali anapolia chakula chake. Makala haya yanafafanua bakteria huyu ni nani, anakulaje mafuta na nini humzuia. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la msingi si iwapo bakteria anaweza kula mafuta, kwa kuwa anaweza. Swali ni iwapo mahali mafuta yalipofika pana naitrojeni, fosforasi na oksijeni za kutosha, na iwapo mafuta yenyewe yana uso wa kutosha wa kushikwa. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ufukwe upi uachwe, upi utiwe mbolea, na upi ulindwe mafuta yasiufikie kabisa.

2.0 Jina, Makao na Maumbile

Jenasi na spishi hii zilielezwa rasmi kisayansi na Yakimov na wenzake mwaka 1998. Jina la jenasi limeundwa kutokana na neno alkani, yaani kundi la kemikali zilizomo kwa wingi katika mafuta ghafi, pamoja na neno la Kilatini lenye maana ya mlaji mwenye pupa. Jina la spishi linatokana na Borkum, kisiwa cha Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini, kwa kuwa sampuli alimopatikana zilichukuliwa karibu na kisiwa hicho. Ana umbo la kifimbo, na urefu wake ni takribani mikromita 2. Seli 500 zikipangwa kichwa kwa mkia zitafikia milimita moja tu.

Kinachomtofautisha na bakteria wengi ni ufinyu wa mlo wake. Glukosi, sukari ambayo viumbe wengi huitumia kabla ya kingine chochote, haimfai. Hukua kwa alkani na kwa misombo michache sahili kama vile piruveti. Kwa hiyo, katika maji yasiyo na mafuta huishi kwa uchache mno, kiasi kwamba ni vigumu kumgundua, lakini mafuta yanapofika huongezeka kwa kasi na kuwazidi wengine. Baada ya meli ya Nakhodka kumwaga mafuta katika Bahari ya Japani mwezi Januari 1997, watafiti wa nchi hiyo walifanya majaribio ya kutia mafuta na virutubisho katika maji ya bahari, na bakteria wa jenasi hii ndio waliotawala. Neno “virutubisho” katika sentensi hiyo lina uzito mkubwa, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 4.0.

Swali linalofuata ni dhahiri: mlaji wa aina hii aliishije katika maji ya mbali ambako hakuna meli wala mchuruziko? Lea-Smith na wenzake (2015) walitoa jibu la kuridhisha. Walionesha kuwa sayanobakteria, viumbe wadogo wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua katika bahari zote zenye joto, huzalisha alkani ndani ya seli zao. Kwa makadirio yao, kiasi kinachozalishwa ni kati ya tani milioni 308 na milioni 771 kwa mwaka. Kiasi hicho ni mamia ya mara kuliko kile cha mchuruziko wa asili, ila kimetawanyika katika bahari yote na huliwa karibu mara tu kinapotolewa. Mla mafuta, basi, hakuumbika kwa ajili ya ajali za binadamu. Amezoea ulaji wa punje moja moja, na ajali humletea ghala zima kwa siku moja.

Jenomu yake ilichapishwa na Schneiker na wenzake mwaka 2006. Ina jozi za besi takribani milioni 3.12 na jeni 2,755 za kutengeneza protini. Ndani yake mna mifumo kadhaa ya kuvunja alkani, jambo lililotarajiwa. Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni wingi wa jeni za kusomba virutubisho haba kutoka katika maji. Mwili wa kiumbe huyu umejengwa kwa ajili ya mazingira yenye njaa, na njaa yenyewe si ya mafuta.

3.0 Namna Mafuta Yanavyoliwa

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya misombo. Iliyo mingi ni haidrokaboni, yaani misombo ya kaboni na haidrojeni peke yake. Katika hizo, alkani ni minyororo ya atomi za kaboni, mingine mifupi yenye atomi tano au sita, mingine mirefu yenye zaidi ya thelathini. Minyororo mifupi ni majimaji mepesi kama petroli, na ile mirefu ni nta. Kando ya alkani kuna haidrokaboni za pete, ambazo baadhi yake ni sumu kali na huweza kusababisha saratani, kisha kuna resini na lami. Alcanivorax hushughulika na alkani. Pete ni kazi ya wengine, hasa bakteria wa jenasi ya Cycloclasticus, na lami karibu haina mlaji. Kusema kwamba bakteria mmoja “anakula mafuta” ni kama kusema mbuzi anakula shamba: kuna sehemu atakayoimaliza, na kuna sehemu ambayo hataigusa.

Mlaji wa alkani hukabiliwa na matatizo mawili, la kuyafikia mafuta na la kuyafungua.

Tatizo la kwanza ni la uso. Mafuta hayachanganyiki na maji, na bakteria huishi majini. Hivyo, mlo wake wote hupitia pale tu mafuta na maji yanapogusana. Tone la mafuta lenye kipenyo cha milimita 1 likigawanywa kuwa vitone vyenye kipenyo cha milimita 0.01, hupatikana vitone milioni moja, na jumla ya uso wake huongezeka mara 100 ilhali mafuta ni yale yale. Mawimbi hufanya sehemu ya kazi hiyo. Sehemu nyingine hufanywa na bakteria mwenyewe, kwani hutengeneza lipidi iliyounganishwa na sukari ambayo hufanya kazi kama sabuni: upande mmoja hushika mafuta, upande mwingine hushika maji, na vitone hubaki vidogo bila kuungana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na watafiti wa Japani na wenzao katika jarida la Science uliongeza jambo jipya. Bakteria hawa wanapokaa juu ya tone hujenga utando mwembamba wa seli. Baada ya kuzoea mafuta kwa siku kadhaa, utando huo hubadilika, hupunguza ukakamavu wa uso wa tone na kulifanya litoe vichirizi mithili ya vidole. Kwa njia hiyo seli nyingi zaidi hupata nafasi ya kugusa mafuta, na tone huisha upesi kuliko ambavyo lingeisha likiwa mviringo.

Tatizo la pili ni la kikemia. Mnyororo wa alkani hauna mahali pa kushikwa, kwa kuwa vifungo vyake vyote vinafanana na vyote ni imara. Bakteria huanza kwa kupachika atomi moja ya oksijeni kwenye kaboni ya mwisho wa mnyororo, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya maalumu ambavyo hugawana alkani kwa urefu: vingine kwa minyororo mifupi na ya kati, vingine kwa mirefu. Alkani yenye oksijeni hugeuka kuwa alkoholi, kisha aldehidi, kisha asidi ya mafuta. Kuanzia hapo kazi ni nyepesi, kwa kuwa asidi ya mafuta ni kitu ambacho karibu kila kiumbe hai hujua kukitumia. Seli huikata kaboni mbili mbili, sehemu moja huchomwa ili kupata nishati na kutoa kabonidayoksaidi na maji, na sehemu nyingine hujenga seli mpya.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa kutokana na maelezo hayo. Kwanza, hatua ya kufungua mnyororo inahitaji oksijeni yenyewe kama kiungo, si kama kitu cha kupumulia tu. Pasipo na oksijeni, bakteria huyu hawezi kuanza. Wapo bakteria wengine wanaovunja alkani bila oksijeni, lakini kwa njia tofauti na kwa mwendo wa pole mno. Pili, seli mpya haijengwi kwa kaboni peke yake.

4.0 Njaa Katikati ya Shibe

Karibu nusu ya uzito mkavu wa seli ya bakteria ni kaboni, na zaidi ya sehemu moja ya kumi ni naitrojeni. Mafuta ghafi yana kaboni takribani asilimia 85, lakini naitrojeni iliyomo ni kidogo sana, na hata hiyo imefungwa katika misombo isiyolika kwa urahisi. Kwa hiyo bakteria aliyezungukwa na mafuta yuko katika hali ya mtu aliyefungiwa ndani ya ghala la sukari: nishati anayo, lakini cha kujengea mwili hana.

Hesabu ndogo ya mfano huweka jambo hili wazi. Tani moja ya mafuta ina kaboni takribani kilo 850. Tukichukulia kwamba asilimia 40 ya kaboni hiyo itajenga seli, na kwamba naitrojeni ni asilimia 10 tu ya uzito wa seli hizo, zitapatikana kilo 680 za seli kavu zinazohitaji kilo 68 za naitrojeni. Maji ya juu ya bahari za kitropiki mara nyingi huwa na chini ya miligramu 14 za naitrojeni ya nitrati katika kila mita ya ujazo. Kwa kiwango hicho, naitrojeni ya kutosha tani moja ya mafuta itapatikana katika mita za ujazo takribani milioni 5, yaani ghuba yenye kina cha mita 10 na eneo la nusu kilomita ya mraba, tena ikombwe naitrojeni yake yote. Uhalisia ni mpana kuliko hesabu hii, kwa sababu naitrojeni huzunguka: seli hufa, huliwa, na virutubisho hurudi majini. Hata hivyo, hesabu inaonesha wapi pana kizuizi. Maabara nayo inatoa ushahidi wake. Alcanivorax anapopata alkani tele na naitrojeni haba, haachi kula mara moja, bali hugeuza kaboni ya ziada kuwa akiba ya mafuta na nta ndani ya seli. Hunenepa bila kuzaliana.

Mahali ambapo ujuzi huu ulijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa ni Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba katika ghuba ya Prince William Sound na kumwaga takribani lita milioni 41 za mafuta ghafi. Mawe ya fukwe yalioshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo kubwa, njia ambayo baadaye ilionekana kuua viumbe wengi waliokuwa wamenusurika mafuta yenyewe. Sambamba na hilo, baadhi ya fukwe zilinyunyiziwa mbolea zenye naitrojeni na fosforasi. Hakuna bakteria waliopelekwa. Baada ya takribani wiki mbili, sehemu zilizonyunyiziwa mbolea ya majimaji zilionekana kwa macho kuwa nyeupe kuliko zile zilizozizunguka.

Weupe wa mawe, hata hivyo, si ushahidi wa kutosha. Mbolea hiyo ilikuwa na viambato vyenye tabia ya sabuni, na huenda iliyaosha mawe tu na kuyasukuma mafuta baharini. Njia iliyotumiwa kulitatua suala hili ni ya kuvutia kwa usahili wake. Katika mafuta ghafi mna kundi la misombo iitwayo hopani, ambayo ni mabaki ya bakteria wa kale na ambayo bakteria wa leo huivunja kwa shida sana. Mafuta yakioshwa na maji, hopani na alkani huondoka pamoja na uwiano wake haubadiliki. Yakiliwa, alkani hupungua na hopani hubaki, hivyo uwiano hubadilika. Bragg na wenzake (1994) walitumia kipimo hicho na kuonesha kuwa mafuta yaliliwa kwa hakika, na kwamba kasi ya kuliwa ilitegemea zaidi kiasi cha naitrojeni kilichofika katika maji yaliyomo baina ya changarawe.

Lakini hadithi ya Alaska haikuishia hapo. Uchunguzi wa mwaka 2001, miaka kumi na miwili baada ya ajali, ulikuta mafuta chini ya uso wa baadhi ya fukwe, mengine yakiwa mabichi kiasi cha kushangaza. Li na Boufadel (2010) walieleza sababu. Fukwe hizo zina tabaka mbili: la juu lina changarawe inayopitisha maji kwa urahisi, na la chini limeshikana na hupitisha maji kwa shida. Mafuta yaliyopenya na kuingia tabaka la chini yalijikuta mahali ambapo maji ya bahari yenye oksijeni na virutubisho hayafiki. Sentimita chache ziliamua kama mafuta yangeliwa kwa miaka michache au yangekaa kwa miongo. Mlaji alikuwepo katika ghuba hiyo hiyo wakati wote.

Kwa mwanga huo, historia ya kutafuta bakteria bora zaidi inasomeka kwa namna nyingine. Mnamo 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba bakteria aliyeundwa na mwanasayansi Ananda Chakrabarty kwa ajili ya kuvunja mafuta angeweza kupewa hataza. Uamuzi huo ulibadilisha sheria ya hataza za viumbe hai, na ndiyo maana kesi yake bado hufundishwa. Bakteria mwenyewe hakutumika kusafisha bahari. Bidhaa za bakteria wa kumwaga zilizojaribiwa Alaska hazikuonesha faida ya wazi kuliko mbolea peke yake. Kuongeza walaji mahali penye upungufu wa naitrojeni ni kuongeza vinywa mezani bila kuongeza chakula.

5.0 Ghuba ya Meksiko, 2010

Mlipuko wa mtambo wa Deepwater Horizon, tarehe 20 Aprili 2010, uliua watu 11 na kuacha kisima kikimwaga mafuta kwa siku 87 katika kina cha takribani mita 1,500. Tukio hili hutajwa mara nyingi kama ushindi wa bakteria, na kwa hiyo linafaa kutazamwa kwa makini, ingawa kwa ufupi.

Sehemu ya mafuta na gesi haikupanda juu, bali ilitanda kama wingu katika kina cha takribani mita 1,100, ambako maji yana joto la nyuzi 5 hivi za Selisiasi. Hazen na wenzake (2010) walikuta katika wingu hilo bakteria wa oda ya Oceanospirillales wakiwa wametawala. Alcanivorax alihesabiwa katika oda hiyo hiyo, na taarifa nyingi za magazeti zikamtaja yeye. Ukweli ni kwamba waliotawala kina kile walikuwa jamaa zake wanaovumilia baridi, na baadaye walifuatwa na Colwellia na Cycloclasticus. Alcanivorax alionekana kwa wingi kwingine, katika mchanga wa ufukwe wa Pensacola, Florida, ambako kuna joto na hewa (Kostka na wenzake, 2011). Ulaji wa mafuta ni kazi ya zamu, na mwenye zamu hubadilika kadiri joto, kina na aina ya mafuta yaliyosalia vinavyobadilika.

Katika tukio hilo zilitumika pia takribani lita milioni 7 za kemikali za kutawanya mafuta, baadhi zikimiminwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kisima. Mantiki yake ni ile ya uso iliyoelezwa katika sehemu ya 3.0: vitone vidogo huliwa upesi. Kama mantiki hiyo ilitimia bado ni suala la mabishano. Kleindienst na wenzake (2015) waliripoti kuwa katika majaribio yao kemikali hizo hazikuongeza kasi ya kuliwa kwa mafuta, na ziliwadhoofisha baadhi ya walaji wa asili. Watafiti wengine waliyapinga matokeo hayo kwa hoja kwamba viwango vilivyotumika maabara havilingani na vya baharini. Kinachokubalika na pande zote ni kwamba uso mkubwa haufuti hitaji la naitrojeni na oksijeni.

6.0 Nta, Tope na Mikoko

Masharti yaliyoelezwa hapo juu yana maana ya pekee kwa pwani ya Afrika Mashariki, na sababu ni aina ya mafuta yenyewe. Mafuta ya bonde la Ziwa Albert nchini Uganda, ambayo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi rasi ya Chongoleani, Tanga, limekusudiwa kuyafikisha baharini, ni mafuta yenye nta nyingi. Katika joto la kawaida huganda, na ndiyo maana bomba hilo limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Mafuta ya Turkana nchini Kenya, ambayo shehena yake ya kwanza iliondoka Mombasa mwaka 2019, yana tabia hiyo pia.

Kwa mtazamo wa kikemia peke yake hizi ni habari njema, kwa kuwa nta ni alkani ndefu, na alkani ndefu zimo katika mlo wa Alcanivorax. Maji ya pwani hii yana joto linalomfaa. Lakini mafuta yanayoganda katika joto la zaidi ya lile la maji ya bahari hayatandi wala hayavunjiki kuwa vitone vidogo. Hugeuka mabonge, na bonge lina uso mdogo kwa uzito wake. Chakula kizuri kwenye karatasi kinaweza kuwa kigumu kufikika majini. Mabonge yana nafuu moja, nayo ni kwamba hukusanyika kwa mikono na nyavu kwa urahisi kuliko utando mwembamba, na kwa mafuta ya aina hii hiyo huenda ikawa hatua yenye tija kuliko kutegemea bakteria au kemikali za kutawanya.

Hatari kubwa zaidi iko katika mikoko. Tope la mikoko huwa na oksijeni katika milimita chache za juu tu, na chini yake hewa huisha. Mti kama mchu au mlilana hutoa mizizi ya kupumulia juu ya tope kwa sababu hiyo hiyo, na mafuta yakiifunika mizizi hiyo mti hukosa hewa. Maji yanapokupwa, mafuta mepesi hushuka kupitia mashimo ya kaa hadi katika tope lisilo na oksijeni. Huko Alcanivorax hana uwezo, hata naitrojeni ikiwa tele. Mfano wa Panama unatosha kuonesha matokeo. Mwezi Aprili 1986 tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka karibu na Bahía Las Minas, na angalau lita milioni 8 za mafuta ghafi ziliingia baharini na kufika kwenye mikoko. Miaka mitano baadaye mafuta yalikuwa bado yakivuja kutoka katika tope na kurudi majini kila maji yalipojaa na kupwa, na watafiti waliofuatilia eneo hilo walikadiria kuwa athari zake zingeendelea kwa miaka 20 au zaidi. Ghuba hiyo iko katika tropiki, ina joto jingi na bakteria wengi.

Njia ya Alaska nayo haihamishiki kirahisi. Mbolea iliyomwagwa juu ya changarawe ya Alaska ilisombwa na maji baridi yenye virutubisho vyake. Mbolea ikimwagwa karibu na miamba ya matumbawe, ambayo hustawi kwa sababu maji yake ni maskini wa naitrojeni, inaweza kuchochea mwani unaoyasonga matumbawe. Kwa hiyo kipimo cha mbolea kwa ufukwe wa mchanga ulio wazi hakiwezi kunakiliwa kwa ufukwe wenye matumbawe mbele yake, na kwa tope la mikoko mbolea haina msaada wowote pasipo oksijeni.

Kutokana na hayo, mpangilio wa vipaumbele kwa pwani yenye mikoko unajitokeza wenyewe. Vizuizi vinavyoelea huwekwa kwanza kwenye midomo ya vijito vinavyoingia mikokoni, kabla ya fukwe za mchanga hata kama fukwe hizo ndizo zinazopendeza watalii, kwa kuwa mchanga ulio wazi kwa mawimbi una walaji wenye hewa na mikoko haina. Miguu ya wasafishaji nayo huzuiwa kuingia topeni, kwani kila hatua husukuma mafuta kwenda chini mahali yasipolika. Pia mabonge ya nta huokotwa yangali baharini.

Kasi ya kuliwa kwa mafuta yatakayosalia inaweza kukadiriwa mapema endapo viwango vya naitrojeni na fosforasi majini, pamoja na kina cha oksijeni katika tope, vimepimwa kwa misimu yote, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, katika sehemu zile zile. Vipimo hivyo havihitaji maabara ya kigeni. Vinahitaji tu kuwa vimechukuliwa kabla ya mafuta kufika, kwa kuwa baada ya hapo hakuna tena maji safi ya kulinganishia.